Kona za Black Hills, Upepo wa Badlands

Kila mwezi wa Agosti mji wa Sturgis, katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, huelemewa na pikipiki. Wakazi wake ni wapatao 7,000 tu, lakini mwaka 2015, tamasha la pikipiki la mji huo lilipofanyika kwa mara ya 75, wageni walikadiriwa kupita laki saba. Mwanzilishi wake ni Clarence Hoel, maarufu kwa jina la Pappy, aliyekuwa akiuza pikipiki za Indian pale mjini. Mwaka 1938 yeye na wenzake wa klabu ya Jackpine Gypsies waliandaa mashindano madogo ya mbio, na tangu hapo milima ya Black Hills iliyo jirani imekuwa ndoto ya waendesha pikipiki wa Marekani nzima.

Mimi na shemeji yangu tulifika huko Septemba, vumbi la tamasha likiwa limeshatulia. Yeye ni mtu wa Mwanza. Kabla ya kuhamia Marekani aliendesha bodaboda, Boxer ya cc 150, na mpaka leo hesabu ya mafuta haimtoki kichwani. Siku hizi anaishi Sioux Falls, mashariki kabisa mwa jimbo, na anamiliki Kawasaki Vulcan S. Alikuwa anawaza kuiuza ili anunue kruza kubwa. Nikamshauri asiamue kwa maneno ya vijiweni. Tukodi hiyo kubwa, tupokezane, barabara ile ile na siku ile ile, kisha aamue.

Kruza ni aina ya pikipiki ambayo Wamarekani wameifanya kuwa yao: kiti kiko chini, miguu inatangulia mbele, usukani ni mpana, na uma wa mbele umelala kuliko wa pikipiki za kawaida. Ndani ya aina hiyo kuna madaraja. Vulcan S ni ya daraja la kati. Ina injini ya cc 649 yenye silinda mbili zilizopangwa sambamba, iliyotokana na ile ya Ninja 650, pikipiki ya michezo ya kampuni hiyo hiyo. Inapozwa kwa maji, ina gia sita na inavutwa kwa cheni. Ikiwa na mafuta yake yote uzito wake unakaribia kilo 230.

Kubwa tuliyoikodi mjini Rapid City ilikuwa Harley-Davidson Heritage Classic 114. Namba hiyo 114 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, yaani cc 1,868, karibu mara tatu ya Vulcan. Injini yake, Milwaukee-Eight, ina silinda mbili zilizoachana kwa nyuzi 45 na vali nane. Gia ni sita, ila badala ya cheni kuna mkanda. Mbele ina kioo cha kukinga upepo, nyuma ina mabegi mawili, na uzito wake unafika kilo 330.

Kilo mia moja za tofauti zinajieleza mapema. Shemeji alipokamata usukani wa Harley kuiondoa kwenye stendi yake ya pembeni, mguu wa kulia ulijikita chini, bega likapanda, na ndipo pikipiki ikasimama wima.

"Shemeji, hii ukiiacha ilale umekwisha," akasema.

"Usiiache basi."

Tulianzia kwenye kituo cha mafuta, na hapo hapo tofauti ya kwanza ikajitokeza. Upande huu wa South Dakota pampu huwa na petroli ya oktani 85, ambayo sehemu nyingi za Marekani haiuzwi. Ni desturi ya miinuko, kutoka enzi za kabureta: hewa ikiwa nyepesi, mgandamizo ndani ya silinda hupungua, na injini za zamani zilivumilia mafuta hafifu bila kugonga. Injini za sasa zina kompyuta inayorekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta, hivyo mwendeshaji afuate kitabu cha pikipiki yake. Vulcan inaridhika na petroli ya kawaida ya 87. Harley inataka 91, ile ya bei ya juu. Kabla gurudumu halijazunguka, kila lita ya Harley ilikuwa imeshagharimu zaidi.

Tuliianza siku kwa kuelekea mashariki kwenye barabara kuu ya I-90 hadi mji wa Wall, mwendo wa kilomita 90 hivi. Katika jimbo hili kikomo cha mwendo kwenye barabara kuu ni maili 80 kwa saa, karibu kilomita 129. Nchi yenyewe ni tambarare ya nyasi isiyo na kitu cha kuzuia upepo, na siku hiyo ulikuwa unavuma kutoka kusini, ukitupiga ubavuni.

Nilikuwa juu ya Vulcan. Katika mwendo huo injini yake inazunguka kwa kasi na mtetemo wake mwembamba unafika kwenye vishikio na vikanyagio. Haina kioo cha mbele, hivyo upepo unatua kifuani moja kwa moja. Kruza inakukalisha wima, mikono imetanuka na miguu iko mbele, nawe unageuka kuwa tanga. Kila lori lilipotupita, wimbi la hewa lilinisukuma upande na kuniacha nikirekebisha usukani. Pikipiki haikuwa na kosa. Ilikuwa nyepesi tu.

Shemeji mbele yangu alikuwa ametulia kitini. Upepo ule ule uliipiga Harley, lakini uzito wake uliimeza ile misukumo, na kioo kilirusha hewa juu ya kofia yake. Injini ilikuwa inatembea taratibu. Hapo ndipo ujenzi wake unapoonyesha faida. Kipenyo cha silinda ni milimita 102 na pistoni husafiri milimita 114 kila inapopanda au kushuka, hivyo nguvu ya kuvuta inapatikana chini kabisa, kileleni kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Vulcan imejengwa kinyume chake. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 60 tu, na kilele cha mvuto wake kiko kwenye mizunguko 6,600. Moja inapandisha mlima kwa gia ya sita bila kuhangaika, nyingine inataka ushushe gia moja au mbili ndipo ichangamke.

Wall ni mji mdogo uliojulikana kwa sababu ya duka moja, Wall Drug. Ted Hustead alilinunua mwaka 1931, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na likapata wateja baada ya kuweka mabango barabarani ya kutangaza maji ya barafu ya bure. Maji hayo yangali ya bure. Tulikunywa, kisha tukajaza matangi na kupiga hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomfanya shemeji akae kimya. Vulcan, aliyoizoea kuwa inabana mafuta, ilikuwa imetembea kilomita 18 hivi kwa lita. Harley ilikuwa kwenye 17. Injini moja ni karibu mara tatu ya nyingine, moja ina kilo mia za ziada, na bado tofauti ilikuwa kilomita moja kwa lita.

Sababu yake ni upepo. Katika mwendo wa barabara kuu, sehemu kubwa ya mafuta haiendi kwenye kubeba uzito, inakwenda kwenye kuipasua hewa, na ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka maili 55 hadi maili 80 kwa saa, ukinzani unapita maradufu. Hewa haiulizi injini ina cc ngapi. Inachopima ni upana wa kifua, mikono iliyotanuka, mabegi na kioo, na kwa vipimo hivyo pikipiki zote mbili zilikuwa karibu sawa. Injini ndogo ikilazimishwa kuzunguka kwa kasi muda mrefu, msuguano wa ndani nao unakula sehemu yake. Ile kubwa inafanya kazi hiyo hiyo kwa mizunguko michache, na sehemu ya mzigo wa uzito wake inafidiwa.

Shemeji alirudia hesabu kwenye simu yake, akasema, "Basi wale wa kijiweni wananidanganya."

Jambo la pili lilihusu tangi. La Vulcan linabeba lita 14, la Harley karibu lita 19. Kwa ulaji ule wa barabara kuu, Vulcan inaishiwa baada ya kilomita 250 hivi, na Harley inavuka 320. Kutoka Sioux Falls hadi Rapid City ni karibu kilomita 560. Kwenye nchi kavu kama ile, ambako baina ya kituo na kituo unaona nyasi na mbingu tu, umbali wa tangi unamhusu msafiri kuliko kilomita moja ya kila lita.

Kutoka Wall tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Badlands kwa barabara ya 240. Ardhi pale imechongwa na maji na upepo ikawa vilele na makorongo ya udongo wenye mistari ya rangi, waridi, njano na kijivu, tabaka juu ya tabaka. Kikomo cha mwendo ni maili 45 na chini ya hapo. Tulibadilishana pikipiki, na mambo yakaanza kugeuka. Upepo ulipopungua nguvu, Vulcan ilipumua. Mtetemo ukaisha, sauti ikashuka, na shemeji akawa anaelea kwenye zile kona pana kama mtu anayeijua njia. Mimi juu ya Harley nilikuwa mtazamaji mwenye raha zake. Niliiweka gia ya nne, nikawa nafungua na kukata mafuta kidogo kidogo, na injini ikatii.

Kesho yake tulipanda milimani kwa njia ya mji wa Custer. Kwa Walakota, wa mataifa ya Sioux, milima hii ni takatifu. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwahakikishia, lakini dhahabu ilipopatikana wakanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba walidhulumiwa, ikaamuru walipwe fidia, na mataifa ya Sioux yamekataa kuzichukua fedha hizo kwa sababu wanachotaka ni ardhi. Tulikumbushana hayo kabla ya kuondoka, kwa kuwa mgeni anayezipita barabara hizi kwa starehe anapaswa kujua anapita wapi.

Barabara ya Needles ilikamilika mwaka 1922. Ilikuwa kazi ya moyo ya Peter Norbeck, aliyekuwa gavana wa South Dakota na baadaye seneta, ambaye aliikagua njia yake kwa miguu na kwa farasi. Urefu wake ni maili 14, na inapenya katikati ya minara ya mawe iliyosimama kama sindano. Handaki lake maarufu, Needles Eye, lina upana wa futi 8 tu, chini ya mita mbili na nusu.

Hapa kona si kona za kulaza pikipiki kwa mwendo. Ni za kugeuka karibu ulikotoka, mlima ukipanda, mwendo wa mtu anayekimbia. Shemeji alianza na Harley, nami nikamfuata nyuma na kuona kila kitu. Kwenye kona ya kwanza kali aliingia na klachi nusu, breki ya nyuma ameigusa kidogo, macho ameyapeleka kwenye mwisho wa kona wala siyo kwenye gurudumu la mbele. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini kilo 330 zikishaanza kuinama hazitaki haraka, nazo hazisamehe mafuta yakikatwa ghafla. Kwenye kona ya kushoto ubao wa mguu ulikwaruza lami, krrr, na cheche ndogo zikaruka. Mbao hizo zina bawaba na hukunjika kwenda juu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ni onyo tu kwamba umefika ukingoni mwa uwezo wake wa kulala. Akasawazisha, akapanua mstari wake na kuendelea polepole.

Tulipobadilishana nilitarajia atakuwa mwepesi zaidi kwenye Vulcan, lakini si kwa kiasi kile. Anasukuma kishikio cha kulia kidogo, pikipiki inalala kulia. Analegeza, inasimama. Kona aliyoihangaikia juu ya Harley aliipita bila kugusa breki.

Inafaa kueleza kwa nini, maana watu wengi husema kruza kubwa ni nzito kugeuza kwa sababu ya uma uliolala. Kwa pikipiki hizi mbili maelezo hayo hayasimami. Uma wa Vulcan umelala nyuzi 31, wa Harley 30. Yaani ile ndogo ndiyo iliyolaza zaidi. Umbali kati ya magurudumu ni milimita 1,575 kwa Vulcan na 1,630 kwa Harley, tofauti ya sentimita tano na nusu. Viti vyote viwili viko chini, kati ya milimita 680 na 705 kutoka ardhini. Kinachozitenga ni uzito, pamoja na matairi. Harley ina tairi nene ya inchi 16 mbele, yenye upana wa milimita 130. Vulcan ina ya inchi 18, upana 120 na ubavu mfupi, ambayo inabadili mwelekeo upesi.

Penye mashimo mizani iligeuka tena. Shokapu ya nyuma ya Vulcan ina nafasi fupi ya kucheza, na kila kiraka cha lami kilifika mgongoni. Harley ina shokapu moja iliyofichwa chini ya kiti, muundo ulioingizwa kwenye familia yake ya Softail katika matoleo ya mwaka 2018, na kiraka hicho hicho ilikipita kwa heshima.

Ndani ya hifadhi ya Custer tulisimamishwa na nyati. Hifadhi hii ina kundi la zaidi ya nyati elfu moja, na wanapoamua kuvuka barabara hakuna anayewaharakisha. Tulingoja injini zikiwaka, kwa kuwa hatukutaka kukwama iwapo dume angetugeukia. Injini ya Harley inapozwa zaidi kwa hewa na mafuta, na ikisimama joto la silinda ya nyuma linapanda moja kwa moja kwenye paja la kulia. Nililihisi likipenya jinzi. Kwenye Vulcan, feni ya rejeta iliwaka, ikavuma dakika kadhaa, ikazima. Ndama mmoja alisimama katikati ya mstari wa njano akatukazia macho, mama yake akamsukuma kwa pua, barabara ikafunguka.

Jioni tuliifuata Iron Mountain Road kwenda kaskazini. Hii nayo ni fikra ya Norbeck, ikakamilika mwaka 1933. Kibao chake kinatangaza kona 314 katika maili 17. Mhandisi Scovel Johnson aliyalenga mahandaki yake ili anayetoka kusini azione sura za marais wanne wa Mount Rushmore mwishoni mwa giza. C. C. Gideon alijenga madaraja ya mbao yanayojizungusha yenyewe, barabara ikipita juu na kisha chini ya mahali pale pale. Kwenye daraja la namna hiyo unageuka mfululizo, na mkono unaoishika klachi unafanya kazi bila kupumzika. Harley ilimchosha shemeji kiwiko. Alipoirudia Vulcan alitaka turudie barabara yote kutoka mwanzo.

Mjini Keystone tulijaza tena. Mlimani, kwa mwendo wa maili 25 hadi 35, Vulcan ilikuwa imetembea kilomita 24 kwa lita. Harley ilifika 19, si mbali na maili 47 kwa galoni ambazo kiwanda chake kilizitangaza, yaani kama kilomita 20 kwa lita. Ile kilomita moja ya tofauti ya barabara kuu ilikuwa imekuwa tano. Mwendo ukishuka hewa hupoteza kauli, na uzito unachukua nafasi yake: kila kona unapunguza mwendo na kuuanza upya, na kila mara kilo 100 za ziada zinatakiwa zisukumwe tena.

Jedwali lililobaki kwenye simu ya shemeji lilikuwa fupi. Barabara kuu yenye upepo: ulaji karibu sawa, utulivu ni wa Harley, umbali wa tangi ni wa Harley, bei ya lita ni nafuu kwa Vulcan. Milimani na mjini: wepesi ni wa Vulcan, ulaji ni wa Vulcan kwa mbali, starehe ya mgongo ni ya Harley. Chini yake akaandika mambo ambayo hakuna gazeti la pikipiki lingeyajua: kazini kwake ni kilomita 11, anakwenda na kurudi kila siku kwa barabara za mji zenye taa nyingi, na safari ndefu anaifanya mara chache kwa mwaka, wakati wa kiangazi.

"Kwa hiyo unaiuza?" nikamuuliza.

"Naifunga kioo cha mbele," akasema. "Na ile nyingine nitaendelea kuikodi nikija huku."

Usiku huo huo aliagiza kioo cha Vulcan, akachagua kifupi, kinachoishia chini ya kidevu, ili kimkinge kifua bila kuongeza tanga mbele. Asubuhi tukairudisha Harley dukani ikiwa na tangi limejaa 91, na yule kijana wa pale akainama kukagua mkwaruzo kwenye ubao wa mguu, akatikisa kichwa kwamba hausumbui, akatuuliza tumeupata kwenye kona ipi.